Nta, mafuta ya kitani au vanishi: kabati la mbao litunzwe kwa kipi?

Mnunuzi anayeingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi akiulizia kitu cha kung'arishia kabati huwekewa mezani vitu vinne kwa mpigo: kopo la vanishi, chupa ya mafuta ya kitani, kibati cha nta na kopo la polishi ya kupuliza. Muuzaji huvisifu vyote kwa maneno yaleyale, kwamba vinang'arisha na vinazuia maji, na mnunuzi huishia kuchagua kwa bei au kwa harufu. Vitu hivyo havifanyi kazi moja. Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi. Mafuta huzama ndani ya vinyweleo vyake na kugandia humo. Nta hulala juu kama utando mwembamba ambao hata ukucha unaweza kuukwangua. Na polishi ya kupuliza, mara nyingi, haiongezi kinga yoyote isipokuwa mng'aro wa siku chache. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu mwenye kabati la mbao nyumbani, hasa katika miji ya pwani ambako joto na unyevu haviondoki, naye anataka kuamua alisafishe kwa nini na alipake nini. Vigezo nilivyovitanguliza ni viwili: kile ambacho tayari kimepakwa kwenye mbao, na idadi ya mara ambazo mwenye nyumba yuko tayari kulirudia kabati hilo kwa mwaka. Mng'aro nimeuweka nyuma, kwa sababu kila kitu hung'aa siku ya kwanza.

Chunguza kwanza ngozi iliyopo

Wenye makabati hupenda kutaja jina la mti, na wana haki ya kufanya hivyo. Mninga unasifika kwa kutosinyaa sana unapokauka, mkongo na mvule kwa kustahimili wadudu, mtiki kwa mafuta yake ya asili, na paini au saiprasi kwa nafuu ya bei. Lakini kitambaa cha kusafishia hakiugusi mninga wenyewe. Kinagusa kile ambacho fundi seremala alikipaka juu yake, na hicho ndicho kinachoamua kama sabuni fulani itafaa au itaharibu.

Jaribio lake halihitaji utaalamu. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango karibu na bawaba, pangusa vumbi, kisha dondosha tone moja la maji. Tone likiwa bado limesimama kama ushanga baada ya dakika tano, ipo ngozi inayofanya kazi. Likizama na kuacha doa la giza, mbao iko wazi, au ilipakwa mafuta au nta zamani na kinga hiyo imekwisha. Ikiwa ngozi ipo, endelea na pamba ndogo iliyoloweshwa spiriti. Shelaki, ambayo hutokana na ute wa wadudu wanaofugwa mitini huko India na Thailand, hulainika na kunata papo hapo. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya laka. Laka ya NC (nitroselulosi), ile inayopulizwa kwa kompresa katika karakana nyingi za samani mijini, huyeyuka na kubaki kwenye pamba. Vanishi ya mafuta hukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Na poliyurethani, yaani vanishi ya plastiki, ikiwa imekauka vizuri hukaa bila kujali.

Kuna pia swali ambalo wengi hawalipendi, nalo ni kama kabati hilo ni la mbao kweli. Makabati mengi yanayouzwa leo kwa jina hilo ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi iliyobandikwa vinia nyembamba ya mninga au mtiki, au hata karatasi yenye picha ya mbao. Fungua mlango utazame ukingo wake wa chini na matundu ya skrubu: ukiona kitu kinachofanana na unga ulioshindiliwa, hiyo ni MDF. Kabati lililobandikwa karatasi halinywi mafuta wala halihitaji nta. Linahitaji tu lisilowe, kwa sababu MDF ikishavimba hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Mwenye kabati la namna hiyo anaweza kusoma sehemu ya kusafisha inayofuata na kuishia hapo, akaokoa fedha zake.

Kusafisha: sabuni, siki, magadi na mafuta ya taa

Uchafu wa kabati la jikoni ni zaidi ya vumbi. Mvuke wa mafuta ya kukaangia hutulia juu ya milango, hunasa vumbi na masizi, na baada ya miezi hukauka ukawa utando wa rangi ya kahawia unaonata. Ndiyo maana utando huo huwa mnene zaidi kwenye milango iliyo juu ya jiko na kandokando ya vishikio. Kabati la sebuleni au la chumbani lina vumbi, alama za vidole na, wakati wa masika, ukungu. Si haki kutarajia dawa moja iwe bora kwa yote mawili.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote, kwa sababu imeundwa kuondoa mafuta na haina ukali wa kula ngozi ya vanishi. Matone machache katika lita moja ya maji ya uvuguvugu yanatosha, na siri yote iko katika kukamua: kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe hata tone, kipitishwe kwa kufuata nyuzi za mbao, kifuatwe na kitambaa cha pili chenye maji matupu, na cha tatu kikavu. Watu wengi huacha hatua ya pili, kisha hulalamika kwamba kabati limepauka. Kilichopauka ni sabuni iliyokaukia juu. Palipo na utando mzito, weka kitambaa chenye maji ya sabuni juu yake kwa dakika mbili au tatu badala ya kusugua kwa nguvu. Stilwaya na upande mgumu wa sponji visikaribie kabati kabisa, kwani huacha mikwaruzo ambayo uchafu utakaokuja baadaye utajificha humo.

Siki ina nafasi yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Siki ya kawaida ya mezani ina asidi ya takriban asilimia 5, na nusu kikombe chake katika lita moja ya maji huondoa ukungu mwepesi wa ndani ya kabati, harufu ya uvundo na utando wa sabuni ya zamani. Mbele ya mafuta yaliyoganda haifui dafu. Kwa kabati la nguo lililovunda nitachagua siki kuliko sabuni; kwa milango iliyo juu ya jiko nitachagua sabuni bila kufikiri mara mbili. Mchanganyiko wa siki na mafuta ya kula, ambao husifiwa sana kuwa unasafisha na kulisha mbao kwa wakati mmoja, siushauri: siki huruka, mafuta hubaki, na habari ya mafuta yanayobaki nitaieleza mbele kidogo.

Magadi na sabuni ya unga huvutia kwa sababu mafuta huyeyuka mbele yake kama hayakuwapo. Nguvu hiyo inatokana na alkali, na alkali haibagui: inayageuza mafuta ya kukaangia kuwa sabuni, na inaanza kufanya hivyohivyo kwa vanishi iliyotengenezwa kwa mafuta. Shelaki haiistahimili hata kidogo. Mbao zenye tanini nyingi (ule ukakasi wa asili wa mti) zilizo wazi zinaweza pia kugeuka rangi na kuwa na mabaka meusi ambayo ni vigumu kuyatoa. Chembe za sabuni ya unga zisizoyeyuka vizuri, zaidi ya hayo, hukwaruza. Kwa sufuria magadi ni mazuri; kwa kabati, hapana.

Mafuta ya taa ni suala gumu zaidi, kwa kuwa yanafanya kazi kweli. Yanalainisha utando wa mafuta na nta ya zamani, na kina mama wengi huyapenda kwa sababu mende huyakimbia. Hasara yake ni kwamba hukauka polepole, huacha harufu inayoingia kwenye unga na mchele, na katika jiko lenye moto ni hatari ya wazi. Ikiwa sabuni imeshindwa kabisa na sehemu ndogo bado inanata, tapentaini au thina ya rangi za mafuta kwenye kitambaa, moto ukiwa umezimwa na madirisha yakiwa wazi, hufanya kazi hiyohiyo na huruka upesi zaidi. Thina ya laka isitumike hata kwa makosa, maana hiyo itaondoa uchafu pamoja na kila kilichokuwa chini yake.

Mafuta: yapo yanayokauka na yasiyokauka

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Marehemu bibi yangu alikuwa na kabati la mninga la kuwekea vyombo, ambalo kila Ijumaa alilipangusa kwa mafuta ya nazi. Lilikuwa linang'aa mpaka tunaona meno yetu. Alipofariki, kabati likakaa miaka miwili bila kuguswa, na tulipolifungua tulikuta milango imevaa koti la vumbi jeusi lililonata kama ulimbo, na harufu ya mafuta yaliyochacha. Fundi aliyeitwa alipitisha kidole tu akasema, "Mama, hapa vanishi haitashika mpaka tuyatoe mafuta yote." Kuyatoa kulichukua siku mbili za tapentaini na matambara, na baadhi ya maeneo hayakusafika hadi leo.

Sababu ni ya kikemia na inaweza kuelezwa kwa tarakimu. Mafuta ya mimea hutofautiana katika uwezo wake wa kunasa oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, na uwezo huo hukadiriwa kwa kipimo kinachoitwa namba ya iodini. Mafuta ya kitani, yatokanayo na mbegu za mmea wa kitani, yana namba ya kati ya 170 na 200, ndiyo maana hukauka. Mafuta ya alizeti yako kati ya 110 na 140, nayo hukauka nusunusu na kubaki yananata. Mafuta ya nazi yako karibu na 10 au chini yake, na hayakauki milele. Hubaki mafuta, hukusanya vumbi, na hatimaye huchacha. Kwa hiyo mtu anayelinganisha "mafuta" lazima aulize ni mafuta gani. Ya jikoni yabaki jikoni.

Mafuta ya kitani yanayouzwa madukani kwa jina la linsidi huja kwa namna mbili. Yale mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki, kukauka. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa kwa kawaida yametiwa chumvi za metali, kama vile za manganizi au kobalti, ili yakauke kwa takriban saa 24, nayo ndiyo yanayofaa kwa kazi ya nyumbani. Hupakwa kwa kitambaa juu ya mbao iliyopigwa msasa na kuondolewa vumbi, huachwa dakika 15 hadi 20 yanyonywe, kisha yote yaliyobaki juu hupanguswa mpaka mkono ukipita uhisi pakavu. Tabaka mbili au tatu, kila moja kwa siku yake, zinatosha. Uzuri wake ni rangi: mninga uliopakwa mafuta ya kitani hutoa wekundu na michirizi yake kwa namna ambayo vanishi haiwezi kuifikia, na mkwaruzo mdogo hurekebishwa kwa msasa mwembamba na tone la mafuta mahali pale pale, bila kuligusa kabati zima.

Upande wa pili una mambo matatu. Kwanza, mafuta hayo hayazuii sana unyevu wa hewa wala maji yanayokaa, kwa hiyo hayafai karibu na sinki. Pili, ukungu huyapenda kama chakula. Katika nyumba ya pwani isiyopitisha hewa, kabati lililopakwa mafuta ya kitani huota madoa meusi upesi kuliko lililopakwa vanishi. Tatu, na hili nisingependa msomaji alipite, tambara lililolowa mafuta ya kitani na kukunjwakunjwa pembeni huweza kupata joto lenyewe na kuwaka bila kiberiti, kwa kuwa kukauka kwa mafuta hayo ni mwako wa polepole. Tambara litandazwe wazi nje likauke kabisa, au liloweshwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa. Kwa sababu ya zile chumvi za metali, ndani ya kabati la chakula nisingeyapaka.

Nta: nzuri kwa mikono iliyo tayari kurudi

Nta ya nyuki hapa kwetu si kitu cha kuagiza mbali. Misitu ya miombo ya Tabora na mikoa jirani, ambayo ndiko mninga unakotoka, ndiko pia inakotoka asali na nta, kwa hiyo kabati la mninga lililopakwa nta ya Tabora limekutana na jirani yake wa zamani. Nta safi iliyochujwa huyeyuka kwenye nyuzi za joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Kuitengenezea polishi nyumbani ni rahisi: sehemu moja ya nta kwa uzito huyeyushwa ndani ya bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, bakuli huondolewa na kupelekwa mbali kabisa na moto, na ndipo sehemu tatu za tapentaini humiminwa polepole huku zikikorogwa. Ikipoa hufanana na samli. Atakayemimina tapentaini bakuli likiwa bado juu ya jiko anacheza na moto, wala simaanishi methali.

Hupakwa kidogo sana, kidogo kuliko mtu anavyodhani, kwa mviringo kisha kwa kufuata nyuzi. Huachwa kama nusu saa, halafu husuguliwa kwa kitambaa kikavu cha pamba hadi kitambaa kiteleze. Nta nene hainyonywi; hukaa juu, hunasa vumbi, na wakati wa joto la Januari huacha alama za vidole.

Ikilinganishwa na mafuta, nta haibadili sana rangi ya mbao, haichachi, na inaweza kupakwa juu ya shelaki, laka au vanishi iliyopo bila kuiharibu, jambo linaloifanya kuwa kitu cha matunzo zaidi kuliko kinga ya msingi. Ikilinganishwa na vanishi, ni dhaifu: glasi ya maji baridi ikiachwa juu yake huacha duara jeupe, na sufuria ya moto huiyeyusha. Hudai pia kurudiwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na mapema zaidi kwenye vishikio. Tena mtu asipake nta kama ana mpango wa kupiga vanishi mwezi ujao, kwani vanishi haishiki juu ya nta, na kuiondoa ni kazi ileile iliyotupata kwa mafuta ya nazi, ingawa si mbaya kama ile.

Vanishi, na kwa nini laka huwa nyeupe wakati wa mvua

Chini ya neno vanishi, mafundi hujumuisha vitu vitatu vinavyopaswa kutenganishwa.

Laka ya NC hukauka kwa dakika chache tu, ndiyo maana karakana huipenda: asubuhi kabati halijapakwa, jioni linapakiwa kwenye gari. Tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini na kuungana nalo, hivyo ukarabati wake ni rahisi kwa fundi mwenye kompresa. Lakini hudhurika kwa thina, kwa manukato yenye spiriti na kwa joto, na katika hali ya hewa ya pwani ina kasoro yake maalumu. Thina inaporuka kwa kasi huupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hutona juu ya laka mbichi na kuifanya iwe na ukungu mweupe. Aliyepokea kabati lililotengenezwa katikati ya masika likiwa na wingu ndani ya mng'aro wake amekwisha kuliona jambo hilo. Si lazima mbao iwe mbovu, huenda fundi hakusubiri siku kavu.

Poliyurethani ya mafuta ndiyo ngumu kuliko zote ambazo mtu anaweza kupaka kwa brashi nyumbani. Hustahimili maji, sabuni na joto la sahani. Mbao hupigwa msasa namba 180 kisha 240, vumbi huondolewa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa tapentaini, tabaka la kwanza huzimuliwa kidogo kwa tapentaini ili lizame, na tabaka tatu hupakwa kwa kupishana siku, kila moja ikipigwa msasa mwepesi wa namba 320 kabla ya ile inayofuata. Msasa huo wa katikati si mapambo: poliyurethani iliyokwisha kukauka haiyeyuki, kwa hiyo tabaka jipya hushika kwa mikwaruzo tu. Sifa hiyohiyo ndiyo udhaifu wake, maana mlango uliokwaruzwa vibaya haupakwi mahali palipoumia pekee; mara nyingi hupigwa msasa wote na kuanza upya. Kwa mtiki, ambao mafuta yake ya asili huchelewesha vanishi kukauka, uso hupanguswa kwanza kwa thina na kupakwa mara tu unapokauka, kabla mafuta hayajapanda tena.

Poliyurethani ya maji haina harufu kali, hukauka kwa saa chache na haigeuki njano. Kwa paini au saiprasi ambayo mwenyewe anataka ibaki nyeupe, hiyo ndiyo. Kwa mninga huuacha umepooza kidogo, kama picha iliyopigwa siku ya mawingu.

Kuhusu unyevu wa hewa, vanishi inawazidi wenzake wote. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huifanya mbao itulie ikiwa na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ikishuka hadi asilimia 50, kama ilivyo katika chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo, mbao hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayokwamisha droo wakati wa mvua na kupasua paneli wakati wa kiangazi. Vanishi haiizuii, ila huipunguza mwendo ili mbao isishtuke. Nta na mafuta hufanya hivyo kwa kiasi kidogo sana. Kuna sharti moja: ipakwe pande zote mbili. Mlango uliopakwa nje tu hunywa unyevu kwa upande wa ndani, na upande mmoja ukitanuka huku mwingine umetulia, mlango hupinda na kitasa hakifungi tena.

Polishi ya kupuliza

Nina maneno machache juu yake. Huondoa vumbi vizuri na kunukia limau. Nyingi zina silikoni, ambayo hupenya kwenye nyufa ndogo za ngozi ya kabati na kukaa humo; siku fundi atakapotaka kupaka upya, laka itajikusanya na kuacha matundu ya duara kama macho ya samaki, na hakuna msasa wa kawaida utakaoyamaliza. Kwa kabati la karatasi katika nyumba ya kukodi, mtu aipulize apendavyo. Kwa kabati la mninga linalotarajiwa kurithiwa, kitambaa chenye unyevu mdogo kinafanya kazi hiyohiyo bila gharama.

Uamuzi kwa chumba na kwa mtu

Kwa makabati ya jikoni ya mbao nzima, ushauri wangu ni poliyurethani ya mafuta, na usafi wa sabuni ya maji mara moja kwa wiki kwenye milango iliyo karibu na jiko na mara moja kwa mwezi kwingineko. Sioni hoja yenye nguvu ya kuweka nta au mafuta pale, hata kwa mtu anayependa rangi ya asili, labda awe hapiki.

Kwa kabati la vyombo la sebuleni ambalo tayari lina vanishi au laka nzima lakini iliyopoteza uhai, usikimbilie kupiga msasa. Lisafishe kwa sabuni, liache likauke siku nzima, kisha lipake nta nyembamba. Wengi wataridhika na kuishia hapo, na watakuwa wameokoa gharama ya fundi.

Kwa samani ya zamani ya mninga au mvule ambayo ngozi yake imekwisha kabisa na inakaa mahali pakavu penye hewa, mafuta ya kitani yakifuatwa na nta baada ya wiki chache ndiyo chaguo lenye hadhi, ilimradi mwenyewe awe mtu wa kurudi. Mtu mwenye shughuli nyingi, anayejua kwamba hatagusa kabati mpaka Idi au Krismasi ijayo, ajihurumie achague vanishi.

Kwa kabati la nguo lililo kwenye ukuta unaotoa maji, hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachosaidia kabla ya kulisogeza mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na kulifungulia milango mchana. Wala hakuna hata kimoja kinachomaliza wadudu waliokwisha kuingia: ukiona unga laini chini ya kabati na vitundu vidogo mfano wa ncha ya pini, hasa kwenye ile mbao nyeupe ya pembeni mwa mti ambayo haina sumu ya asili ya kiini, dawa ya wadudu itangulie na vanishi ifuate.

Na kwa kabati la chini ya sinki, ambalo ndilo huoza kwanza katika nyumba nyingi, anza na kingo za chini za milango, zile ambazo hakuna anayezitazama. Hapo nyuzi za mbao zimekatwa na vinyweleo viko wazi kama mrija, na maji ya kupigia deki huingilia hapo. Zipake poliyurethani iliyozimuliwa, uziache zinywe, uzipake tena, na ya tatu iwe nzito. Ndipo uugeukie upande wa mbele.